Mizani ya Umeme: Uteuzi wa Pawa Saplai kwa Kompyuta Yenye Kadi Nyingi za Picha

Msafiri atokaye Vwawa kuelekea mpakani, kabla hajaiona Tunduma, hupita Mpemba, mahali penye mizani ambayo malori yaendayo Zambia na Kongo hayana budi kupanda juu yake ili uzito wake ujulikane. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyotungwa mwaka 2016 na kuanza kutumika nchini Tanzania mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima pamoja na shehena yake. Lakini dereva mzoefu anajua ya kuwa jumla pekee haimwokoi mtu, maana kila ekseli nayo ina ukomo wake, na lori ambalo uzito wake wote umo ndani ya sheria laweza kuwekwa kando kutwa nzima kwa sababu mzigo ulipakiwa bila insafu, ekseli moja ikalemewa ilhali nyingine ina nafasi. Na baada ya jumla na ekseli liko jambo la tatu, ambalo mizani hailisemi lakini kila utingo analijua: barabara iliyo mbele, milima yake na mashimo yake, ambayo hulivunja gari lililopita mizanini kwa heshima zote.

Nimeanza na mizani ya Mpemba kwa kuwa suala ninalokusudia kulichambua, yaani namna ya kuchagua pawa saplai, kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme wa ukutani, kwa mashine yenye kadi mbili, tatu au zaidi za picha, huamuliwa kwa hukumu hizo hizo tatu, na aghalabu wapatao hasara ni wale waliotazama moja wakazisahau mbili. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza: watu wengi hununua kadi kwanza, kwa fedha nyingi na kwa furaha, kisha kwa akiba iliyosalia hutafuta pawa saplai, na umeme wa ukutani hawaufikirii kabisa, na mimi nasema safari ya ununuzi yapasa ianzie ukutani, ipite katika pawa saplai, ndipo iishie kwenye kadi.

Huenda msomaji akauliza ni nani katika mkoa wetu huu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ahitajiye mashine ya namna hiyo. Kadi ya picha, ambayo mafundi huiita jipiyu, iliundwa ili kuchora vitu juu ya kioo cha kompyuta, lakini kwa kuwa kuchora huko ni kufanya maelfu ya hesabu ndogo kwa wakati mmoja, kadi hiyo imekuwa chombo cha kila kazi ya hesabu nyingi: kuhariri filamu za harusi, kutengeneza taswira ya jengo kabla msingi haujachimbwa, na kuifundisha mashine kutambua mambo kwa mifano. Kwa mfano, mkulima wa kahawa wa Mbozi anaijua chulebuni, maradhi ya matunda ya kahawa, na anaijua kutu ya majani. Na kijana aliyepata elimu ya kompyuta pale Mbeya, akirudi nyumbani, aweza kutamani kukusanya picha za majani ya kahawa na kuifundisha mashine kuyatambua maradhi, kama watafiti wa Makerere walivyofanya kwa majani ya maharage, wakatoa kwa umma mwaka 2020 picha zaidi ya elfu moja za majani mazima na yenye ugonjwa. Tamaa hiyo ni njema, tena yaweza kutekelezeka.

Ataambiwa punde kwamba kadi moja haitoshi, na sababu yake aghalabu ni kumbukumbu kuliko kasi. Kadi ya RTX 3060 huja na gigabaiti 12 za kumbukumbu, na mbili zake hufikisha 24. Kadi ya RTX 3090, iliyotoka mwaka 2020, ina gigabaiti 24 peke yake, na mbili hufikisha 48. Tena bei za kadi zilizotumika zilishuka duniani baada ya tarehe 15 Septemba 2022, siku ambayo mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha kuzitumia kadi za picha katika uchimbaji wake, na wachimbaji waliokuwa na kadi kwa makumi wakazimwaga sokoni. Hivyo kijana wetu hujikuta na kadi mbili au tatu mkononi kabla hajajua atazilisha nini.

Hukumu ya kwanza, basi, ni ya jumla. Kila kadi ina kiwango chake cha umeme kilichotangazwa na mtengenezaji: RTX 3060 hula wati 170, RTX 3090 wati 350, RTX 4090 wati 450, na RTX 5090, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2025, wati 575. Kwa kadi mbili za RTX 3090 hesabu huanza na wati 700; prosesa ya kadiri huongeza 150, na mazabodi, kumbukumbu, diski na feni huongeza kama 80, jumla 930. Asiyejua zaidi atanunua pawa saplai ya wati 1,000 na kujiona amebakiza sadaka ya wati 70, kumbe amenunua ugomvi.

Sababu ni kwamba kiwango kilichotangazwa ni wastani, na kadi haili kwa wastani. Katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kadi yaweza kuruka ikadai umeme karibu maradufu ya ule wa kawaida, kisha ikatulia. Na kadi mbili zifanyazo kazi moja hupumzika pamoja na kuruka pamoja, kama wapagazi wawili wanaoinua gunia kwa sauti moja. Pawa saplai isiyozoea mruko huo hudhani pametokea shoti, nayo kwa kujihami hujizima, na mwenye mashine hukaa akitafuta kosa katika programu yake siku nyingi bila kulipata. Kwa ajili hiyo kanuni mpya ya pawa saplai, iitwayo ATX 3.0, iliyotolewa mwaka 2022, ilidai kwamba pawa saplai iweze kustahimili mruko wa hadi maradufu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Wasia wangu ni kwamba juu ya jumla iongezwe takriban theluthi: wati 930 zidai pawa saplai ya 1,200 au 1,300, na ikiwa ni ya kanuni ya zamani, pasipunguzwe hata kidogo.

Lakini ipo namba moja katika kibandiko cha pawa saplai ambayo ni ya kweli kuliko ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa, nayo ni ya ampea katika mstari wa volti 12, kwa kuwa kadi za picha hula volti 12 karibu peke yake. Mnunuzi azidishe ampea hizo kwa 12. Pawa saplai ya haki ya wati 1,000 itaonyesha ampea 83 au karibu yake. Lakini akikuta kasha limeandikwa wati 1,000 huku mstari wa volti 12 ukisema ampea 45, ajue ya kuwa mbele yake pana wati 540, na kwamba zilizobaki ni maneno. Hesabu hii haihitaji chombo wala mtaalamu, huweza kufanywa dukani kwa dakika moja, tena kwa adabu, na ni mizani ambayo muuzaji hawezi kuibishia.

Hukumu ya pili ni ya ekseli, na hapa ndipo mashine huungua huku jumla yake ikiwa halali. Umeme huifikia kadi kwa njia kadhaa, na kila njia ina ukomo: tundu la mazabodi ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75, plagi ya pini 6 hutoa wati 75, plagi ya pini 8 hutoa wati 150, na plagi mpya ya pini 16, iliyokuja pamoja na kadi za miaka ya karibuni, huruhusiwa kupitisha hadi wati 600. Plagi hiyo ya mwisho imeacha ibra kwa ulimwengu, kwani baada ya RTX 4090 kutoka mwezi Oktoba 2022 zilisikika habari za plagi zilizoyeyuka, nyingi zikiwa hazikusukumwa hadi mwisho wa tundu, hata mwaka 2023 ikabidi umbo lake lirekebishwe ili kadi isianze kula umeme mkubwa kabla plagi haijakaa sawasawa. Somo lake ni kwamba plagi isukumwe hadi ilie, na waya wake usikunjwe karibu na shingo.

Kuna kosa jingine lililoenea kuliko hilo, nalo ni kulisha plagi mbili za kadi moja kwa kebo moja yenye vichwa viwili, kwa kuwa kebo hiyo imo kashani na kutafuta ya pili ni udhia. Kwa kadi ndogo jambo hilo hupita. Kwa kadi ya wati 350 waya mmoja hubebeshwa mzigo wa nyaya mbili, na kwa kuwa moto unaozaliwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa ampea, mzigo ukiongezeka maradufu moto huongezeka mara nne. Kila plagi ya kadi kubwa na iwe na kebo yake itokayo katika pawa saplai yenyewe. Baya zaidi ni lile la kuunganisha plagi ya kadi na kebo ya SATA iliyokusudiwa diski, ambayo pini zake za volti 12 zinaweza kubeba wati 54 tu. Adapta za namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo, na kutoshea kwake tunduni si dalili ya usalama. Wala kebo za pawa saplai moja zisichomekwe katika nyingine, hata kama vichwa vinafanana, maana mpangilio wa nyaya hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na kosa hilo huua kadi kwa mara moja.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama mtu aweza kutumia pawa saplai mbili ndogo badala ya moja kubwa, na jawabu ni kwamba yawezekana kwa masharti. Ziwashwe pamoja na kuzimwa pamoja kwa kifaa kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ziwe na waya hasi wa pamoja, na kadi yoyote iliyoinuliwa juu ya kitako chenye kebo yake ipate umeme wa kitako na umeme wa plagi zake kutoka pawa saplai ile ile moja. Wachimbaji wa sarafu waliishi hivyo miaka mingi. Hata hivyo, kwa kadi mbili au tatu napendelea pawa saplai moja njema, kwa kuwa kila kiungo kilichoongezwa ni mahali papya pa kuharibika, na fundi wa kulitambua kosa la namna hiyo hapatikani kila mtaa.

Sasa nafika kwenye barabara, hukumu ya tatu, ambayo kwa mkazi wa Tunduma ni nzito kuliko zote. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ikinunua umeme wa Zambia kwa ajili ya Sumbawanga, Tunduma na Mbozi, kwa sababu gridi yetu ilikuwa haijaifikia pembe hii ipasavyo. Na njia kuu ya kilovolti 400 ya mradi wa TAZA, itokayo Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, imekusudiwa kuiondoa nakisi hiyo na kuziunganisha gridi za nchi mbili. Wakazi wa mpaka wameyaona ya pande zote: mgao wa umeme uliotupata sisi katika miaka ya 2022 na 2023, na ukame wa mwaka 2024 uliolishusha ziwa Kariba hata jirani zetu wa Nakonde na Zambia nzima wakakaa gizani saa nyingi kila siku. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwezi Februari 2024, limetuliza njaa ya nchi. Lakini wingi wa umeme katika Rufiji na utulivu wa umeme katika nyumba ya mwisho ya laini ni mambo mawili, kama mvua ya mlimani na maji ya kisimani.

Umeme wa mwisho wa laini una tabia tatu. Hushuka jioni watu wote wapikapo na kuwasha taa. Hukatika na kurudi kwa kishindo. Na katika miezi ya mvua, tangu Novemba hata Aprili, hufuatana na radi ambazo hutuma mruko wa volti ndani ya nyaya. Kwa tabia ya kwanza, mnunuzi achague pawa saplai iandikwayo volti 100 hadi 240 pasipo swichi nyekundu ya nyuma, maana hiyo hujirekebisha yenyewe umeme ushukapo, na ile yenye swichi ni ya zama zilizopita. Kwa tabia ya pili, atazame muda ambao pawa saplai hustahimili bila umeme: kanuni hutaja takriban milisekunde 16 au 17, nao ndio muda ambao yupiesi ya kawaida, yaani betri ya akiba, ihitajiyo milisekunde 4 hadi 10 kubadili kutoka umeme wa ukutani kwenda wa betri, hujitahidi kuuwahi. Pawa saplai hafifu, iliyowekewa kapasita ndogo ili iwe rahisi, hukata roho kabla yupiesi haijafika, na mwenye nayo hulaumu yupiesi.

Na yupiesi yenyewe isichaguliwe kwa namba ya usoni. Ile iliyoandikwa VA 1,000 aghalabu hutoa wati 600 tu, hivyo haiwezi kubeba mashine ya wati 930. Tena pawa saplai za kisasa hutaka umeme wenye wimbi safi. Yupiesi au inveta itoayo wimbi la ngazi ngazi huweza kuifanya izime au ivume kwa uchungu. Kwa tabia ya tatu, hakuna kifaa kinachoshinda waya wa ethi uliofukiwa ipasavyo kwenye udongo wenye unyevu, na kifaa cha kuzuia mruko huwa kama mlango usio na ukuta ikiwa ethi haipo, kwa sababu hakina mahali pa kuutupa umeme uliozidi. Nyumba ngapi za kupanga zina tundu la ethi katika soketi na hazina kitu nyuma yake! Fundi aitwe apime kabla kadi ya kwanza haijanunuliwa.

Katika jambo moja mpaka wetu una bahati kuliko Marekani, ambako maandishi mengi ya maarifa haya hutoka. Kule soketi ya kawaida ya volti 120 na ampea 15 hutoa wati 1,800, na kwa kazi ya mfululizo hushauriwa zisizidi 1,440, ndiyo maana waandishi wao huhangaika na saketi za pekee. Sisi, kwa volti 230 na fyuzi ya ampea 13 katika plagi ya pini tatu, tuna karibu wati 2,990 kwa soketi moja. Lakini bahati hiyo ni ya soketi iliyofungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Ekstensheni nyembamba ya sokoni haina sehemu katika bahati hiyo, na mashine hii isiwekwe juu yake.

Yabaki mambo ya luku na ya hewa. Alama za 80 PLUS, zilizoanza mwaka 2004, huonyesha ni sehemu gani ya umeme unaolipiwa hufika kwenye mashine: katika nusu ya mzigo, kwa kipimo cha volti 115, daraja la Bronze hufikisha asilimia 85 na daraja la Gold asilimia 90, na kwa volti zetu 230 madaraja yote mawili hupanda kidogo. Kompyuta ilayo wati 800 kwa saa nane kila siku itaokoa kwa Gold kiasi cha yuniti 150 kwa mwaka, ambazo kwa bei ya kawaida ya shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, yaani takriban 356 baada yake, ni zaidi ya shilingi 50,000. Faida hiyo pekee haitoshi kulipa tofauti ya bei upesi. Lakini umeme usiopotea ni joto lisilozaliwa, na Tunduma, iliyo juu ya mita 1,500, ina hewa nyepesi ambayo huchukua joto kidogo kuliko hewa ya Dar es Salaam kwa feni ile ile, ijapokuwa baridi ya Juni na Julai huturudishia hisani. Vumbi la malori katika kiangazi halirudishi kitu. Chumba kifungwe, na vichujio vioshwe kila mwezi.

Wapo wasemao kwamba dawa ya mzigo mkubwa ni gari kubwa, na wapo wasemao ni kupunguza mzigo. Nami naegemea kwa hawa wa pili kwanza. Programu za kadi huruhusu mwenyewe kuiwekea ukomo, na RTX 3090 iliyoshushwa kutoka wati 350 hadi 280 hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi yake, kwa kuwa wati za mwisho ndizo zizaazo kidogo kuliko zote. Kadi mbili zilizopunguzwa hivyo huondoa wati 140 katika jumla, hupoza plagi, na huirefusha betri ya yupiesi, yote hayo bila senti moja.

Mpangilio wa ununuzi, basi, na uwe huu: kwanza fundi na ethi, pili soketi na waya wake, tatu pawa saplai yenye theluthi ya ziada, ampea za kweli, na kebo ya kutosha kila plagi, nne yupiesi ya wimbi safi iliyopimwa kwa wati, na mwisho kabisa kadi. Atakayefuata njia hii atakuta fedha yake ya kadi imepungua, na pengine alitaka tatu akajikuta na mbili. Akubali bila majuto. Kazi ya kuifundisha mashine majani ya kahawa yaweza kuchukua saa thelathini mfululizo, na katika usiku wa Januari, radi ikipiga upande wa Nakonde na taa za mtaa zikipepesa, kadi mbili zilizokaa juu ya umeme wa haki zitafika asubuhi na kazi yao, ilhali kadi tatu zilizofungwa kwa tamaa zitakuwa zimezimika tangu saa nne, na mwenyewe amelala bila kujua.